Ukiambiwa "vuta pumzi" na hali ikazidi: mwongozo wa kuutuliza mwili baada ya ajali

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa watu walionusurika ajali za barabarani unafanana kama mapacha. "Nilifumba macho nikavuta pumzi ndefu kama nilivyoelekezwa, kidogo nizimie. Sasa naogopa hata kujaribu tena." Mwingine alilala chali aukague mwili wake kuanzia utosini hadi unyayoni. Alipofika kifuani machozi yakamtoka, na usiku ule hakupata usingizi.

Yalinikuta hayo hayo. Basi tulilopanda lilipinduka, nikatoka na mkono uliovunjika. Mkono uliunga baada ya wiki kadhaa. Lakini kila breki ilipolia barabarani, hata nikiwa jikoni kwangu nakatakata vitunguu, mguu wa kulia ulikanyaga sakafu wenyewe na roho ikawa juu hadi jioni. Mazoezi ya kutulia niliyafanya yote, nikayaacha mara tatu. Kilichonishinda ni mpangilio: nilikuwa naanzia kifuani, penye moto, wakati mwili haujaridhika kwamba humu chumbani hakuna basi.

Nimetumia ajali kwa sababu ndiyo ninayoijua. Aliyevamiwa na majambazi au aliyeponea moto anaweza kufuata hatua hizi hizi. Aliyeumizwa tangu utotoni na watu wa nyumbani anaweza pia, ila aende taratibu zaidi na asiende peke yake.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kiti kisichotikisika, kilichoegemezwa ukutani. Ukikaa katikati ya chumba, mwili utaendelea kulinda mgongo.
- Kanga mbili au blanketi. Uzito mabegani husaidia, na baada ya mshtuko watu wengi husikia baridi.
- Harufu kali unayoipenda: limau lililokatwa, karafuu, kipande cha tangawizi. Epuka chochote kinachonukia kama siku ile, hasa petroli na dawa za hospitali.
- Maji ya kunywa, na beseni la maji ya baridi kando.
- Simu yenye kengele ya mlio laini. Mlio mkali utakurudisha ulikotoka.
- Daftari dogo na kalamu.
- Mtu mmoja anayejua unachofanya. Hahitaji kuwa chumbani, mradi ukipiga simu apokee.

Tenga dakika 10 hadi 12, asubuhi na alasiri. Wiki ya kwanza usifanye usiku kabla ya kulala, na usifanye ukiwa na njaa au umetoka kunywa kahawa kali. Njaa na kahawa vyote huuchangamsha moyo, nawe utashindwa kujua kipi ni kipi.

## Nani asianze peke yake

Kama anayekuumiza bado unaishi naye, acha mwongozo huu kwanza. Kengele ya mwili wako ina haki ya kulia, na kazi ya kwanza ni kutoka hapo. Kenya kuna namba 1195 kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia. Kwa watoto, namba 116 inafanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda.

Kama una mawazo ya kujiua, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au unajikuta mahali bila kujua ulifikaje, nenda kwa mtaalamu kwanza. Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au pumu asibane pumzi wala asitie uso kwenye maji ya baridi bila kumuuliza daktari.

Na kama uligonga kichwa, usidhani kila kizunguzungu ni hofu. Kichwa kinachouma kwa kuzidi, kutapika na kuona vitu viwili viwili ni mambo ya kwenda hospitali leo.

## Mwili unafanya nini hasa

Kuna sehemu ya mfumo wa neva inayofanya kazi bila kukuomba ruhusa: mapigo ya moyo, pumzi, jasho, tumbo. Hatari ikija, inamwaga adrenalini, kemikali ya mshtuko, damu inakwenda kwenye misuli mikubwa, mate yanakauka, tumbo linasimama kusaga chakula. Hatari ikipita, upande wa pili wa mfumo huo unarudisha mambo taratibu. Baada ya kiwewe, kurudi huko ndiko kunakokwama.

Katika mwongozo huu nitaita hali tatu hivi. Moto: moyo mbio, taya limekaza, unashtuka kila mlango ukigongwa. Ganzi: mwili mzito, sauti za watu zinasikika mbali, unaangalia mkono wako kama wa mtu mwingine. Shwari: upo, unasikia, unaweza kufikiri.

Jambo moja la kushika hapa ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Takriban nyuzi 4 kati ya kila 5 za neva hiyo hupeleka habari *kutoka* mwilini kwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana kujiambia "tulia, tulia" hakufui dafu. Ubongo unangoja habari kutoka chini.

## Hatua ya 1: Jua uko wapi (dakika 1)

Kaa. Jifunike kanga. Macho wazi. Andika neno moja daftarini: moto, ganzi au shwari. Kando yake andika namba kati ya 0 na 10, ambapo 10 ni kama siku yenyewe.

Sababu: dawa ya moto na dawa ya ganzi hazifanani. Aliyeganda akiongeza kutulia, anaganda zaidi.

Onyo: ukiwa 7 kwenda juu, leo fanya hatua ya 2 na ya 3 tu. Zinatosha.

Umefaulu ukiwa umeandika bila kujibishana na nafsi yako. Namba si mtihani.

## Hatua ya 2: Macho na shingo (dakika 2)

Hapa ndipo wengi huruka, kwa sababu inaonekana ya kitoto. Usiruke.

Geuza kichwa polepole upande wa kulia, macho yakitangulia na shingo ikifuata. Tazama ukuta, dirisha, pazia. Angalia mlango uko wapi na kama umefungwa. Rudi katikati, kisha kushoto. Mwisho geuka kabisa uangalie nyuma yako, hata kama unajua kuna ukuta.

Kisha chagua vitu vitatu vya rangi moja, mfano vyekundu, uvitaje kwa sauti: "Ndoo. Kava la daftari. Ua la kwenye kanga." Sauti yako mwenyewe iwe ya kawaida, ile ya kuongea na jirani.

Sababu: mtu aliyeshtuka hukodolea macho mahali pamoja na shingo hukaza. Ukizungusha shingo na kuona kwa utulivu, unaupelekea ubongo ushahidi kwamba hakuna kinachokuja. Kufumba macho kunafanya kinyume: kunauondolea ushahidi, na picha za siku ile zinapata nafasi. Ndiyo maana wale waliofumba macho hali ilizidi.

Onyo: kama shingo iliumia kwenye ajali, zungusha macho na mabega tu. Usifanye haraka, kutazama haraka haraka ni kusaka hatari.

Umefaulu ukiona moja ya haya: umepiga mwayo, mate yamerudi mdomoni, tumbo limenguruma, jicho limevutiwa na kitu ambacho hukukitafuta. Tumbo likinguruma usione aibu. Ni upande wa kutuliza ulioanza kazi.

Siku za mwanzo hutaona chochote. Mimi nilikwenda siku tano nikitaja ndoo na pazia kama mwehu kabla ya mwayo wa kwanza.

## Hatua ya 3: Miguu na mgongo (dakika 2)

Vua viatu. Kandamiza unyayo wa kulia sakafuni kwa sekunde 5, achia. Kushoto, achia. Kisha yote miwili. Sikia sakafu ni ya baridi au ya joto, saruji au mkeka. Halafu sukuma mgongo kwenye egemeo la kiti, sekunde 5, uachie.

Ukiwa kwenye moto, kandamiza kwa nguvu zaidi. Misuli iliyoandaliwa kukimbia inataka kazi, ipe.

Ukiwa kwenye ganzi, usikae. Simama, tembea chumbani ukihesabu hatua, nusa limau, nawa mikono kwa maji ya baridi. Lengo ni kuamka kwanza. Shwari itafuata.

Onyo: usianze kusikilizia moyo. Ukijikuta unauhesabu, rudisha macho kwenye pazia.

Umefaulu ukiweza kusema sakafu ikoje bila kuiangalia.

## Hatua ya 4: Tafuta mahali pasipo na kelele (dakika 1)

Sasa tu ndipo tunaingia mwilini, na hatuingii kifuani. Tafuta mahali pamoja ambapo hapaumi wala hapana habari: ncha ya sikio, kidole kidogo cha mguu, kiganja. Huhitaji pazuri, patulivu panatosha. Wengi huishia viganjani. Mimi ni goti la kushoto, sijui kwa nini.

Kaa na mahali hapo sekunde 20. Joto lake? Uzito wake? Pakavu au pana jasho? Kisha fungua umakini, tazama chumba.

Sababu: mtu aliyepata kiwewe huuona mwili wote kuwa adui. Ukipata eneo moja lisilo na vita, umepata mahali pa kurudi. Bila hapo, hatua ya 6 haiwezekani.

Onyo: kwa walioumizwa kingono, kuna sehemu za mwili ambazo hazina haja ya kuguswa kwa umakini katika zoezi hili hata kidogo. Kama mwili wote una kelele, tumia kitu cha nje: uzito wa kanga begani, jiwe mkononi.

Umefaulu ukiweza kurudi mahali hapo kesho bila kupatafuta.

## Hatua ya 5: Shusha pumzi (dakika 2)

Kiswahili chenyewe kinajua siri hii. Aliyepata nafuu hatumwambii amevuta pumzi, tunasema *ameshusha pumzi*. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa na kupunguza unapoitoa. Ukitaka kutuliza, refusha kutoa.

Vuta hewa ya kawaida puani, wala usijaze kifua. Toa kwa mdomo uliobana kidogo, kama anayepoza chai, polepole hadi iishe yenyewe. Subiri mwili uvute tena wenyewe. Mara 6, basi. Hesabu ikikuchanganya, toa pumzi kwa mlio: "mmmm", ule wa kumbembeleza mtoto.

Wenye dini wanayo njia tayari. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha vipimo vya watu waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini, na pumzi zao zilishuka hadi takriban 6 kwa dakika, wakati kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni 12 hadi 20. Anayeleta dhikiri kwa sauti ya taratibu naye pumzi yake hurefuka inapotoka. Kama sala ndiyo inayokushusha, tumia sala.

Sababu ya wengi kushindwa: wanavuta kwa nguvu, tena na tena. Kaboni dioksaidi mwilini inapungua, vidole na midomo vinawasha kama sindano, kichwa kinazunguka. Dalili hizo ni pacha wa hofu, basi mtu anaamini anakufa. Hafi. Amevuta kupita kiasi.

Onyo: kizunguzungu kikianza, acha kabisa kushughulika na pumzi, rudi hatua ya 2. Pia wapo watu ambao pumzi haiwafai kabisa, hasa waliokabwa au walionusurika kuzama. Rukeni hatua hii bila kujilaumu.

Umefaulu ukiona mabega yameshuka bila kuyaamrisha.

## Hatua ya 6: Kwenda na kurudi (dakika 4, kuanzia wiki ya pili)

Usianze hatua hii hadi hatua ya 2 mpaka ya 4 zikae siku saba mfululizo bila kukuzidi.

Chagua kipande kidogo cha siku ile, chenye namba 3, kamwe si ajali yenyewe. Kwangu kilikuwa mlio wa injini ya basi ikiunguruma stendi kabla hatujaondoka. Mwingine huchagua rangi ya kiti, au tiketi.

Kifikirie kwa sekunde 10. Angalia kinagusa wapi mwilini: tumbo limefunga fundo? Koo? Usikichambue. Kisha rudi kwenye mahali patulivu pa hatua ya 4, kaa hapo dakika nzima, hata kama unaona huihitaji. Nenda tena sekunde 10. Rudi. Mara tatu, funga daftari, kaoshe vyombo.

Sababu: mwili haukosi uwezo wa kushtuka, umekosa mazoezi ya kurudi. Kila mzunguko ni zoezi moja la kurudi. Anayekaa na picha nusu saa akilia amejifunza kwenda tu.

Onyo kubwa: siku ambayo zoezi linakwenda vizuri ndiyo siku ya hatari. Utashawishika: "Leo niko imara, ngoja nimalizane nalo lote." Nilifanya hivyo, nikalipia siku nne za jinamizi. Ishia pale ulipopanga.

Mikono au mapaja yakitetemeka kidogo, yaache yatetemeke huku macho yakiwa wazi na miguu chini. Kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Mtetemeko ukipanda badala ya kushuka, simama, nawa uso, mpigie mtu wako.

Umefaulu si pale kipande kinapokosa maana. Umefaulu pale fundo linapofungua ndani ya dakika ile moja.

## Hatua ya 7: Rudi barabarani

Hapa chumba hakitoshi tena. Andika ngazi, kutoka rahisi hadi ngumu:

1. Simama karibu na kituo cha daladala dakika 10, usipande.
2. Panda gari lililoegeshwa, la mtu unayemjua, injini imezimwa.
3. Gari hilo hilo, injini inaunguruma.
4. Panda daladala kituo kimoja, mchana, pasipo na msongamano.
5. Vituo vitano.
6. Njia kuu, kisha mahali penyewe ukitaka. Si lazima.

Kila ngazi irudie hadi namba ishuke angalau kwa nusu, ndipo upande inayofuata. Wapo waliomaliza ngazi moja kwa siku mbili, wapo waliochukua mwezi.

Kanuni ya hapa inapishana na ya hatua ya 6, na inawachanganya wengi. Chumbani unaacha mapema. Barabarani jitahidi kubaki mpaka hofu ianze kuteremka kabla ya kushuka garini, kwa sababu ukiruka ikiwa kileleni, mwili unaandika kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa. Ndiyo maana ngazi ziwe fupi: ukichagua ngazi unayoimudu, kubaki kunawezekana.

Kwa sababu hiyo hiyo usisafiri umefumba macho, wala umeshika nguzo hadi vidole vikafa ganzi. Utafika salama na mwili utaamini macho yaliyofumbwa ndiyo yaliyozuia ajali. Tazama nje. Taja vitu vyekundu kimoyomoyo. Kandamiza unyayo.

Na tofautisha hofu na akili. Dereva akiovateki kwenye kona, kumwambia konda usimamishiwe ushuke ni busara, hata kwa mtu ambaye hajawahi kupata ajali.

## Yanayoharibu kazi yote

Kusimulia kwa lazima. Ndugu wanaokuja kukupa pole watataka kisa chote, na wengine watarudia kesho. Una haki ya kusema, "Shangazi, nashukuru umekuja, hayo nitayaeleza siku nyingine." Kaa nao, kunywa nao chai. Kuwa na watu kunasaidia, kulazimishwa kusimulia hakusaidii.

Vidonge vya duka la dawa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2013 inashauri dawa za kutuliza za kundi la diazepamu zisitolewe kwa watu wazima kupunguza dalili za kiwewe za mwezi wa kwanza. Kama tayari unazitumia kwa muda, usiache ghafla. Zungumza na daktari akupunguzie taratibu. Pombe nayo huleta usingizi, kisha hukuamsha saa tisa usiku.

Kupima kila saa. Andika namba mara mbili kwa siku. Linganisha wiki na wiki, siyo jana na leo.

## Lini uende kwa mtaalamu

Kushtuka, ndoto mbaya na machozi ya ghafla katika wiki za kwanza ni jambo la kawaida, na kwa wengi hupungua zenyewe. Zikivuka mwezi mmoja na zinakuzuia kufanya kazi, kulala au kuishi na watu, nenda. Usingoje mwezi kama unafikiria kujiua.

Mazoezi haya ni maandalizi na hayachukui nafasi ya tiba. Zilizothibitishwa zaidi kwa kiwewe kilichoganda ni tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, na ile ya kusogeza macho inayojulikana kwa kifupi EMDR. Kliniki za afya ya akili zipo katika hospitali za rufaa. Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari, Kampala kuna Butabika, na ukifika hapo haina maana wewe ni "chizi", hata jirani akisema. Kenya unaweza kuanza kwa kupiga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu.

Nenda na daftari lako. Ukiulizwa "unajisikiaje?" na ulimi ukakwama, fungua ukurasa ulioandika: "Jumanne, moto, 8. Breki imelia nje. Mguu umekanyaga. Nimerudi baada ya saa mbili." Na ule wa wiki ya tano: "Jumatano, moto, 6. Breki. Mguu umekanyaga tena. Dakika nne." Mpe asome yeye mwenyewe.